Mashini Ndani ya Ukuta

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi ya Juni, vumbi kila mahali, na leo balaa jipya: wamekuja kunijengea. Sijaomba.

Mama Arshitekti amefika saa mbili asubuhi kwa taximoto, kofia ya plastiki kichwani. Anaitwa Abigaëlle Kanku. Miaka thelathini labda. Kanisalimu kwa heshima, jambo tata, yaani baba, goti likainama kidogo. Nikadhani ameleta barua ya kunishukuru kwa miaka ishirini na sita ya kulinda sinema hii ya mtaa wa Manika bila kukosa hata siku moja (ukiondoa zile za malaria). Kumbe kaleta plani.

Kaitandaza mezani kwangu, juu ya bukari yangu ya jana, ugali uliokauka. Akaeleza. Sinema yetu ya matofali mekundu imefungwa zamani. Foyer iliyo jirani, ambako wamama walifundishwa kushona, nayo imefungwa. Katikati ni uchochoro wa mita kumi na moja, nyasi na chupa tupu. Sasa nyumba zote mbili zitatengenezwa, kisha zitaunganishwa kwa ukumbi mpya wa vyuma na vioo, paa lake la shaba. Humo ndani vitabu, masomo, na picha tena. Hataki kuficha kitu, kasema. Cha zamani kibaki cha zamani, kipya kionekane ni kipya, na pale vinapokutana ataweka mstari wa shaba sakafuni. Malori ya shaba yanapita Kolwezi kutwa kucha, na mji haubaki hata na kipande cha kujivunia. (Maneno mazuri. Nimeyaandika ili siku moja niyaseme kama yangu.)

Nikauliza ukumbi huo utaingia wapi upande wangu. Akaweka kidole kwenye plani ya zamani, ya 1954. Palikuwa na mlango wa pembeni, kasema, nyuma ya kitambaa kikubwa cha picha, pale ninapolala. Mtu aliuziba. Tutaufungua.

Nikakaa chini ghafla. Yeye kadhani ni furaha.

Mtu aliyeuziba ni mimi, Symphorien Nkulu. Shajara, wewe peke yako unajua.

Marehemu mke wangu Brigitte alifundisha kushona pale Foyer. Kila saa sita mchana alivuka uchochoro na sahani yangu, akaingia kwa mlango ule. Alikufa Machi 2013, baada ya siku nne tu hospitalini. Huku kwetu kilio kikiisha, ndugu za mke wanakuja kuchukua vitu vyake, halafu wanampaka mume pemba mkononi, ule udongo mweupe. Hapo ndipo anafunguliwa. Anaweza kucheka mbele za watu, anaweza hata kuoa. Walikuja. Wakachukua nguo, masufuria, saa ya ukutani. Wakauliza mashini yake ya kushona iko wapi. Nikasema wezi wameiba. Kaka yake mkubwa, Kabemba, akaniangalia muda mrefu sana, akarudisha pemba mfukoni, akaondoka.

Mashini imo ndani ya mlango ule, katikati ya matofali niliyopanga huku na huku kwa mikono hii. Na Kabemba leo ni nani? Mlinzi wa Foyer! Mita kumi na moja kutoka kitandani kwangu, miaka kumi na miwili, na hatusalimiani. Ukuta ukifunguliwa, atakayekuwa amesimama upande wa pili ni yeye.

Kwa hiyo hautafunguliwa.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza. Wa akili sana.

Mama Arshitekti aliacha plani ya 1954 kwangu ili nisiumie moyo. Zamani mimi ndiye niliyeandika matangazo ya filamu, mkono wangu ulijulikana hadi Musonoi. Kwa wembe nimekwangua mlango wa zamani. Kwa kalamu ya bic nimechora mwingine, mita kumi na mbili kushoto. Saa mbili nzima za kazi. Karatasi imetoboka kidogo tu.

Amefika, kaangalia, kacheka kwa upole. Kumbe plani yote anayo ndani ya simu! Akaniambia, tata, hapa ulipochora ni choo. Halafu, badala ya kukasirika, kafurahi. Kasema ni vizuri wakaaji walete mawazo yao. Kaniandika kwenye daftari lake: mwakilishi wa wakaaji. Mkaaji ni mimi peke yangu. Akanipa na kofia ya plastiki, ya manjano.

Nimetembea nayo uchochoroni mara sita ili Kabemba aione. Kaiona. Kufika saa sita naye alikuwa amepata yake, nyeupe. Nikamuuliza Papy Mwamba, kapita wa waashi, yaani msimamizi wao, nyeupe maana yake nini. Kasema nyeupe ni ya wakubwa.

Sikula mchana.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango wa pili ulikuwa kusema ukuta ule umeoza na ukiguswa sinema yote itaanguka. Nimeumwagia maji ndoo nane tangu alfajiri ili uonekane mgonjwa. Nimewaita. Nimetikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari.

Papy Mwamba kagonga kwa nyundo ndogo. Hapa, pale. Halafu kasema, mbele ya waashi wote, kwamba ukuta haujaoza, ila umejengwa na mtu asiyejua kazi. Mistari imepinda. Simenti imetupwa kama ya bure. Iyi njo kazi ya mulevi, kasema.

Mlevi! Nilikuwa sijaonja kitu siku zile! Nilijenga siku mbili, peke yangu, machozi yananiingia mdomoni, sikuona vizuri, na bado ukuta umesimama miaka kumi na miwili! Nikajikuta nasema kwa sauti kubwa kwamba mwashi yule alikuwa mtu makini, tena mwenye moyo. Mama Abigaëlle akauliza taratibu kama nilimfahamu. Nikasema nilimsikia tu. Akauliza alikuwa nani. Nikasema amehama, ameenda Kapanga, barabara ya huko ni mbaya, hapatikani.

Akaandika kitu. Anaandika sana, mtoto huyu.

Kabla ya kuondoka kasimama mbele ya ukuta, kaupapasa kwa kiganja. Kasema mtu anayeziba mlango ovyo anaficha choo au takataka, lakini huyu aliziba kama anayefunika mtoto asipate baridi. Halafu akaenda zake kupima madirisha. Nimebaki pale nimeshika ndoo tupu. Nilitaka kumwambia. Karibu nimwambie.

Sikumwambia.

Jumamosi, 7 Juni

Mpango wa tatu. Huu sasa!

Papy amechimba shimo dogo chini ya ukuta, ili kutazama msingi. Msingi wa zamani, kasema, mzuri. Nikaliangalia shimo lile na akili ikafunguka. Ni kitu gani kinachohamisha watu Kolwezi? Ni kitu gani kinachohamisha nyumba, makaburi, hata makanisa? Mawe! Mawe ya shaba na kobalti yakionekana mahali, hakuna anayejenga hapo tena. Mama Arshitekti ataogopa, atapeleka ukumbi wake upande wa choo.

Nimepanda taximoto hadi Musonoi, kwa René, mwana wa dada yangu, mchimbaji, baba wa watoto watano. Nimemwomba mawe machache. Kauliza ya nini. Nikasema ya kupamba. Kaniangalia vibaya lakini katoa: ya kijani matatu, meusi kama kumi. Hakuwa na mfuko, akayatia kwenye gunia la unga wa mahindi lililoisha.

Saa kumi, waashi wameenda, nimeyapanga shimoni kwa ustadi, nikayafunika udongo kidogo. Halafu nikamwita Papy, aliyebaki kukusanya vyombo, kama mtu aliyeshtuka. Kainama. Kaokota la kijani. Katazama kulia, katazama kushoto. Nikamwapisha kwamba isipokuwa Mama Arshitekti, hakuna atakayejua. Kaapa kwa jina la mama yake.

Nimelala vizuri leo mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nasema nimelala, bado ni saa kumi na mbili jioni, lakini najua nitalala.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Nimefanya nini mimi? Nimefanya nini?

Papy alimwambia mke wake Mado peke yake. Mado anaimba kwenye kwaya. Misa haijaisha, paroko bado anaeleza ndimi za moto, nikaona mistari ya nyuma inatoka mmoja mmoja. Nikadhani ni mahubiri marefu. Nimerudi nyumbani na kukuta uchochoro umejaa. Wanaume mashati ya Jumapili yamekunjwa mikono, sururu, koleo, mabeseni. Mwingine alikuwa bado ameshika kitabu cha nyimbo. Wanachimba! Wanachimba kwa nguvu chini ya ukuta wangu!

Mimi niliyezaliwa hapa! Niliyeona mtaa mzima unachimbwa ndani ya vyumba vya kulala! Nilidhani watakimbia mawe?

Nikapanda kwenye kabini ya juu, ilikokaa mashini ya picha, nikatazama kwa kile kidirisha. Kofia yangu ya manjano kichwani. Mwakilishi wa wakaaji.

Na Kabemba? Mzee wa miaka sabini na moja katoka Foyer na kiti chake cha plastiki. Kakiweka katikati ya wachimbaji, ukingoni pa shimo, kakaa. Hakupiga kelele. Kawaambia hapa dada yake alipita kila siku na sahani ya chakula, na atakayetaka kuchimba zaidi amchimbe na yeye. Wengine wakapunguza. Mmoja akavua kofia. Lakini upande wa chini, ambako hawakusikia, waliendelea, na ukingo ukakatika. Kiti, mzee, udongo, vyote vikashuka pamoja.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka niko shimoni, nachota udongo kwa ile kofia, namwaga, nachota. Wachimbaji wote wametupa sururu na wanachimba kwa mikono, upesi, kama watu waliozoea kufukua wenzao mashimoni. Alikuwa amezikwa hadi kifuani. Uso mweupe kwa vumbi. Kafungua macho, kaniona, na baada ya miaka kumi na miwili kaniambia neno la kwanza.

Chimba polepole, kasema, mi si muhogo.

Mguu umevunjika chini ya goti. Wamembeba mabegani, wale wale, wakikimbia, hadi barabarani. Mimi nimebaki nimeshika kiti chake. Mguu wa kiti nao umevunjika.

Jumanne, 10 Juni

Kabemba yuko hospitali, ana plasta. Nimeenda hadi mlangoni. Nimerudi. Nimeacha machungwa kwa muuguzi, nikasema yametoka kwa mtu asiyejulikana. Muuguzi akasema, sawa Tata Sympho.

Bwana mmoja wa serikali kaja kutazama mawe. Kayageuza, kayanusa, kapangusa moja kwa kidole. Kaonja kidole. Akauliza tangu lini mawe ya Manika yanakula bukari. Unga wa René! Wote wakacheka isipokuwa Mama Abigaëlle. Yeye kanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu Machi 2013, na aliyenitazama siku ile yuko hospitali sasa kwa ajili yangu.

Baadaye kanifuata, akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba mtu angeweza kufa. Najua. La pili, kwamba shimo limefika msingi, ule mlango uliozibwa hauna cha kukalia tena, na hawezi kungoja mpaka mwezi ujao. Utafunguliwa kesho asubuhi, kabla haujaangukia mtu.

Nilitaka wauhamishe ukumbi. Nimewaharakishia!

Kuanzia saa kumi nimejaribu kuutoboa mwenyewe, nitoe mashini, nikaifiche kwa René. Patasi, nyundo, kisu cha jikoni. Tofali moja halijatikisika. Simenti ya bure, alisema Papy. Mara ya kwanza maishani nimeulaumu ufundi wangu. Nimekaa sakafuni, nimeegemeza mgongo kwenye matofali. Upande wa pili, sentimita ishirini tu, ni yeye, Brigitte. Nimezoea kumwambia habari za siku kupitia ukuta huu. Leo sikuwa na la kumwambia ila nimemvunja kaka yako mguu.

Jumatano, 11 Juni

Wameanza saa tatu. Nguzo za vyuma zinashikilia dari, Papy mwenyewe na nyundo. Nilisimama karibu kama mfiwa. Katikati ya kazi nikasikia kelele za taximoto: Kabemba! Katoroka hospitali na plasta yake, wachimbaji wawili wa Jumapili wanamshikilia. Wakamkalisha kwenye kiti changu, kwa kuwa chake kimekufa. Hakuniuliza ruhusa.

Tofali la kwanza. La pili. Halafu upande wa nje nao ukafunguka, mwanga wa uchochoro ukapita upande hadi upande, kitu ambacho sikukiona miaka yote hii, na katikati ya mwanga, juu ya kimeza, kitu kimefungwa plastiki.

Papy kashusha nyundo. Mimi nimekwenda, nimefungua plastiki mwenyewe, kwa kuwa fundo nililifunga mimi. Mashini nyeusi, maua ya dhahabu ubavuni. Haina hata doa la kutu, niliipaka mafuta vizuri. Chini ya sindano, shati. Shati langu. Mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado, na uzi wa buluu unatoka kwenye kitambaa kwenda kwenye sindano, haujakatwa. Aliacha hapo siku ya Jumatatu, akasema kichwa kinamuuma, atamalizia kesho.

Nikangoja Kabemba apige kelele. Alikuwa na haki. Kauliza sababu tu: juu ya nini? Juu ya nini, shemeki?

Nikasema ukweli. Ulitoka wenyewe, sikuuandaa. Nikasema mngeichukua mngeitumia. Mtu angekata ule uzi.

Akaangalia uzi. Halafu akasema yeye hakutaka mtu aitumie. Alitaka kuiweka Foyer, pale ilipokaa, aione kila asubuhi. Nayo ilikuwa hapa hapa, mita kumi na moja, na sisi kila mmoja anailinda upande wake! Wazee wawili wapumbavu, kasema, na kofia zetu.

Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati. Katoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi imekuwa laini kama kitambaa. Pemba ile ile. Aliihamisha kutoka shati hadi shati, miaka kumi na miwili. Katema mate kidogo, kakoroga kwa kidole, kavuta mkono wangu, kanipaka kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole. Kasema Brigitte amekuachilia, nenda.

Nimelia. Waashi wamevua kofia. Halafu nikacheka, kwa kuwa sasa naruhusiwa, na nikalia tena.

Walipokuwa wanahangaika kumrudisha mzee kwenye taximoto, nimebaki na mashini dakika mbili. Peke yangu. Dakika mbili tu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo ukumbi umefunguliwa. Mvua ya kwanza imepiga paa la shaba wakati wa hotuba na hatukusikia hotuba hata moja. Imependeza hivyo.

Ni mzuri, lazima niseme. Unatoka kwenye matofali yetu mekundu, unakanyaga mstari wa shaba, unatembea hatua kumi na tano ndani ya vioo, unakanyaga mstari mwingine, umefika Foyer. Mlango wa Brigitte hawakuuremba. Yale matofali yangu yaliyopinda yameachwa upande mmoja, nusu ukuta, na Mama Abigaëlle anawaambia wageni hiyo ni sehemu ya historia ya nyumba. Papy akipita namwonyesha kwa kidole. Mashini imewekwa katikati ya ukumbi, na shati lake, na uzi wake. Wasichana wanaojifunza kushona wanaisalimu wakipita.

Kabemba anachechemea. Tunakula pamoja sasa, saa sita, yeye ndiye anavuka na sahani. Kofia nyeupe bado anaivaa ndani ya nyumba, sijui kwa nini.

Leo baada ya wageni kuondoka kainama juu ya mashini, katazama chini ya sindano kwa muda. Akauliza bobini iko wapi. Kile kigurudumu kidogo cha chini, chenye uzi alioviringisha Brigitte kwa mkono wake. Mashini bila bobini si mashini, kasema.

Nikasema labda wezi.

Akaniangalia muda mrefu sana. Mkono ukaenda mfukoni, lakini safari hii hapakuwa na kitu cha kurudisha. Akasema sawa, shemeki. Akaenda kufunga madirisha.

Bobini imo kwenye ukuta wa mwisho wa ukumbi, upande wa mashariki, mstari wa tatu wa matofali kutoka chini. Niliisukuma ndani ya simenti mbichi mwezi wa nane, waashi wakiwa wanakula. Nilichagua vizuri. Ukuta mpya kabisa! Hakuna plani ya 1954 inayoonyesha mlango hapo. Namwambia Brigitte habari za siku hapo, nikijifanya nafagia.

Saa kumi na moja Mama Abigaëlle kaniita, furaha tele. Kafungua plani nyingine. Mwakani, kasema, wataunganisha na ile dispansari ya zamani iliyo upande wa mashariki. Ukuta wa mwisho ulijengwa mwepesi makusudi, ili ubomolewe bila shida. Akauliza mwakilishi wa wakaaji anaonaje.

Nimesema ni wazo zuri sana.

Jumatatu asubuhi nashuka Musonoi kwa René. Mawe bado anayo. Safari hii nitaenda na gunia safi.